Akademia ya sayansi ya taifa ina kazi gani kwa mkulima wa korosho wa Mtwara?

Katibu wa chama cha msingi, Tandahimba

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho hapa Tandahimba, na ninaleta suala lililozuka katika mkutano wetu wa wanachama. Kwa miaka mingi tumekuwa tukipulizia mikorosho salfa ya unga ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshambulia majani machanga na maua, na sijawahi kumsikia mkulima anayetamani kurudi katika hali iliyokuwapo kabla ya salfa. Hata hivyo, baadhi ya wanachama wanauliza kama unga huo unaoanguka chini kila msimu hauuharibu udongo, hasa katika mashamba ambamo mihogo, karanga na njugu mawe hupandwa katikati ya mikorosho. Tumewauliza watu watatu tukapata majibu matatu. Wa kwanza alisema hakuna hofu yoyote, wa pili akasema tuanze kuweka chokaa, na wa tatu, ambaye ni muuzaji wa pembejeo, akatushauri tuachane na unga tuhamie viuatilifu vya maji, ambavyo ndivyo anavyouza dukani kwake.

Katika mjadala huo kijana mmoja aliyehitimu chuo kikuu alieleza kwamba katika nchi nyingine suala ambalo wataalamu wanatofautiana juu yake hupelekwa kwenye akademia ya sayansi ya taifa, na kwamba sisi pia tunayo, yaani Akademia ya Sayansi ya Tanzania, ijulikanayo kwa kifupi kama TAAS. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuisikia.

Kwa hiyo ninauliza mambo matatu. Chombo cha namna hii kinafanya kazi gani ambayo TARI Naliendele (kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara), COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na vyuo vikuu havifanyi? Je, kazi hiyo inaifikia wilaya kama yetu, au ni heshima tu wanayopeana maprofesa? Na je, chama cha msingi kinaweza kupeleka swali huko likasikilizwa? Naomba majibu ya kweli, hata kama ni ya kukatisha tamaa, kwa sababu wanachama wanasubiri niwarudishie taarifa kabla mikorosho haijaanza kutoa maua.

Mhadhiri, Dar es Salaam (mzaliwa wa Masasi)

Ndugu Katibu, ahsante kwa swali hili, na ninafurahi kwamba limetoka kwa watu wanaoishi na tatizo lenyewe.

Nianze kwa kutenganisha kazi, maana hapo ndipo watu wengi huchanganya. TARI Naliendele ni taasisi ya utafiti: inapanda majaribio, inazalisha mbegu bora, inachunguza magonjwa. COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ni tume ya serikali inayoratibu utafiti na kuishauri serikali kuhusu sera za sayansi na teknolojia. Chuo kikuu kinafundisha na kutafiti. Akademia haina shamba la majaribio wala haitoi shahada. Ni jumuiya ya wanazuoni wanaochaguliwa na wenzao kwa kazi walizokwisha kuzifanya, na rasilimali yake kubwa ni uwezo wa kuwaketisha pamoja watu wa fani mbalimbali, wasio waajiriwa wa chombo kimoja, wapime ushahidi wote uliopo na kusema hadharani ni nini kinachojulikana, ni nini kisichojulikana, na ni uamuzi gani unaofuata.

Utaratibu huu una umri mrefu. Royal Society ya London ilianzishwa mwaka 1660. Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani iliundwa mwaka 1863 kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln, na sheria hiyo inaitaka ichunguze na kutoa taarifa kuhusu suala lolote la kisayansi kila inapoombwa na idara ya serikali, huku wanachama wake wakirudishiwa gharama tu bila kulipwa ujira. Katika Afrika, Ghana ilianzisha yake mwaka 1959, miaka miwili tu baada ya uhuru. Akademia ya Sayansi ya Afrika ilianzishwa mwaka 1985 chini ya Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya, mtaalamu wa wadudu. TAAS yetu ni mwanachama wa NASAC, mtandao wa akademia za sayansi za Afrika ulioundwa Nairobi mwaka 2001.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye korosho, kwa sababu historia yake inaonyesha vizuri zaidi kuliko maelezo yangu ni pengo gani akademia huweza kuliziba. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi chini ya tani 17,000. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea angekuambia chanzo ni ubwiriunga, unaoshambulia wakati wa baridi ya usiku na umande, na angekuwa sahihi. Mchumi angekuambia kwamba bei aliyolipwa mkulima ilishuka mno hata kupalilia na kuokota kukawa hakulipi, naye angekuwa sahihi. Mtaalamu wa makazi na ardhi angekukumbusha kwamba katika operesheni vijiji ya miaka ya 1970 familia nyingi zilihamishwa mbali na mikorosho yao, pori likaota chini ya miti, na miti isiyopaliliwa wala kupogolewa ikawa makao mazuri ya ugonjwa. Huyo pia angekuwa sahihi. Mambo hayo matatu yaliongezeana nguvu, lakini kila moja lilikuwa chini ya ofisi yake. Wakati huohuo nchi ilikuwa inakopa fedha za kujenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, ambavyo vilipokamilika vilikuta korosho zenyewe zimepungua. Nina hakika kwamba jopo la watu wa fani hizo tatu, likiulizwa mapema na likiwa na uhuru wa kusema, lingeiambia serikali kwamba kiwanda kinatanguliwa na afya ya mti na bei ya mkulima. Hakukuwa na chombo cha kuulizwa kwa namna hiyo.

Kuhusu swali lako la tatu, kwa kawaida akademia huulizwa na serikali, bunge au shirika linalogharimia uchunguzi. Lakini akademia nyingi zina uhuru wa kuchagua suala zenyewe, kwa hiyo barua ya chama cha msingi, hasa ikiungwa mkono na chama kikuu cha ushirika na halmashauri, si kitu cha kudharauliwa.

Afisa ugani mstaafu, Newala

Ndugu Katibu, na wewe mwanangu Mhadhiri, nimesoma kwa makini. Nilifanya kazi ya ugani katika mkoa huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninaheshimu elimu. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kilichokosekana kilikuwa jopo la wasomi.

Angalieni mji wa Mtwara wenyewe. Bandari yake ya kina kirefu na reli iliyokuwa ikienda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, yaani kulima karanga kwa trekta katika mashamba makubwa ili kupata mafuta ya kupikia. Wazo lilitolewa mwaka 1946, ujumbe wa watu watatu ukaizunguka nchi kwa wiki 9, sehemu kubwa ikitazamwa kutoka angani, kisha ukapendekeza vitalu 107 vya ekari 30,000 kila kimoja, vingi vikiwa Tanganyika. Trekta zilikatika meno kwenye visiki vya Kongwa, huko Dodoma, udongo wa huko ukakauka kuwa mgumu wakati wa kuvuna, mvua zikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Reli yetu iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Uingereza ilikuwa na hiyo Royal Society kwa karibu miaka 300 wakati huo, na uwepo wake haukuzuia lolote, kwa sababu wakubwa walikuwa wamekwisha kuamua, njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita ikiwasukuma, na hawakutaka kungoja misimu michache ya majaribio. Wazee wa Nachingwea na wa Kongwa walijua mvua zao zinavyokuja. Hakuna aliyewauliza.

Na korosho iliokolewa vipi? Watafiti wa Naliendele walithibitisha kwamba salfa inazuia ubwiriunga, wakatafuta kipimo kinachofaa kwa mti na wakati wa kuipulizia, yaani alfajiri umande ukiwa bado juu ya majani na upepo haujaamka. Mabwana shamba waliibeba habari hiyo kijiji kwa kijiji. Wakulima waliijaribu kwenye miti michache kwanza, wakaona tofauti kati ya mti uliopuliziwa na ule ulioachwa, ndipo wakanunua. Baadaye ikaja kazi ya kubebesha mikorosho mikongwe kwa vikonyo vya miti bora na kusambaza miche iliyoboreshwa. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Kazi hiyo ilifanywa na mtafiti aliyekaa karibu na mkulima, na afisa ugani aliyekuwa na pikipiki yenye mafuta. Ikiwa kuna shilingi ya ziada, mimi ningeipeleka huko kabla ya kuipeleka kwenye ukumbi wa mikutano Dar es Salaam au Dodoma.

Ninayo mashaka mengine mawili. La kwanza ni fedha: jopo linalolipiwa na muuzaji wa dawa litasema maneno ya muuzaji wa dawa, hata kama wajumbe wake ni waadilifu, kwa kuwa yeye ndiye anayechagua swali. La pili ni kwamba taarifa hizi huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, zikawekwa kwenye kabati. Katibu wa chama cha msingi akiomba jibu, atapewa kurasa 100 ambazo hawezi kuzisoma mbele ya wanachama wake.

Mwenyeji wa Lindi

Naomba kuongeza jambo moja kutoka upande wetu, ambalo halihusu kilimo lakini linahusu maarifa na nani anayafaidi.

Mlima wa Tendaguru uko katika mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulifukua huko mifupa ya dinosaria zaidi ya tani 200, ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, kisha ikasafirishwa hadi Berlin, ambako mmoja wa mijusi hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho akiwa na kimo cha mita 13 hivi. Waliochimba na kubeba walikuwa mamia ya watu wa kusini, na msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa stadi wa kutambua na kuandaa mifupa. Jambo ninalotaka mlione ni kwamba fedha za msafara huo zilichangishwa chini ya ulezi wa jumuiya ya wanazuoni wa elimu ya viumbe na asili ya Berlin. Jumuiya ya kitaaluma iliyojipanga vizuri ilijua inachotaka, ilijua pa kupata fedha, na ilikuwa na jarida la kuchapishia matokeo. Sisi hatukuwa na jumuiya kama hiyo ya kusema mifupa ibaki wapi na nani afundishwe kuichunguza.

Vivyo hivyo, homa ya chikungunya ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za juu za Makonde, huko anakotoka Mzee wetu, na sampuli za wagonjwa zikapelekwa Entebbe, Uganda, kuchunguzwa. Leo ugonjwa huo unafahamika Asia na Amerika. Utafiti mkubwa umefanyika juu ya ardhi yetu na miili yetu, kwa hiyo ninaamini tunahitaji chombo cha taifa chenye sauti ya kuzungumza na wanazuoni wa nje kama wenzao, kwa sababu wizara hubadilisha viongozi na mradi una mwisho wake.

Mhadhiri, Dar es Salaam

Shikamoo Mzee wangu. Mfano wa karanga ni mzito, nami ninaukubali wote. Unathibitisha kwamba akademia isiyoulizwa, au inayoulizwa baada ya uamuzi kupita, haina faida. Ndiyo maana sharti la kwanza ni la kisheria na la mazoea: wizara iwe na desturi ya kuuliza kabla ya kutumia, na jibu lichapishwe hata kama halipendezi.

Kuhusu fedha, akademia zinazoheshimika huwataka wajumbe wa jopo watangaze maslahi yao, na rasimu hupelekwa kwa wasomaji wengine wasiohusika kabla ya kutolewa, huku mgharamiaji akizuiwa kuigusa. Hilo halimalizi tatizo uliloeleza la nani anachagua swali, na sijui njia nyingine ya kulipunguza isipokuwa maswali yatoke pia kwa watu kama Ndugu Katibu. Kuhusu lugha, uko sahihi kabisa. Muhtasari wa Kiswahili unaosomeka katika mkutano wa kijiji unapaswa kuwa sehemu ya kazi yenyewe, uandikwe na wajumbe wa jopo, usiachiwe mtu wa mwisho kuutafsiri kwa haraka.

Pale ninapotofautiana nawe ni kwenye kuvishindanisha. Naliendele iligundua kipimo cha salfa. Lakini suala la Ndugu Katibu ni pana kuliko kipimo. Salfa ikiingia udongoni, bakteria huibadili polepole kuwa tindikali. Katika udongo wa kichanga wenye mboji kidogo, kama ulivyo sehemu nyingi za nyanda zenu, hakuna kitu kingi cha kuizuia tindikali hiyo, na kalsiamu na magnesiamu hupungua. Mkorosho na mhogo huvumilia hali hiyo kwa kiasi kikubwa. Karanga na njugu mawe ni tofauti, kwa kuwa ganda la karanga hufyonza kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo linamokulia, na ikikosekana unavuna maganda yasiyo na punje. Kwa hiyo inawezekana wale wawili wa kwanza waliokujibu walikuwa sahihi, mmoja akifikiria mkorosho na mwingine akifikiria chakula cha familia. Tena kuna afya ya mpuliziaji, bei ya chokaa ikifika Tandahimba, gharama ya dawa za maji na maji ya kuchanganyia katika vijiji vyenye shida ya maji. Hapo pana mtaalamu wa udongo, daktari, mchumi na mkulima mwenyewe. Hakuna taasisi moja inayowaajiri wote hao.

Afisa ugani mstaafu, Newala

Marahaba mwanangu. Hilo la karanga nimeliona kwa macho yangu katika mashamba ya zamani, na tulikuwa tukililaumu jua. Kama jopo litakuwa na mkulima ndani yake, si kama shahidi wa kuitwa dakika kumi bali kama mjumbe, basi nitaunga mkono barua hiyo. Ila Katibu usiiandike kabla hujapeleka udongo kupimwa Naliendele. Mtu akienda mbele ya wasomi bila vipimo, husikilizwa kwa adabu na kusahauliwa.

Katibu wa chama cha msingi, Tandahimba

Mzee wangu, Ndugu Mhadhiri na ndugu yetu wa Lindi, nimepata zaidi ya nilichoomba.

Nimezungumza na mwenyekiti wetu na tumekubaliana kuanza na ushauri wa Mzee. Tutachukua udongo katika mashamba ya aina tatu: yaliyopuliziwa salfa kwa miaka mingi, yaliyoanza karibuni, na yale ambayo wenyewe waliyaacha bila kupulizia. Katika kila shamba tutachukua chini ya mti na katikati ya mistari, kwa kuwa unga hauanguki sawasawa, na tutaandika mazao mengine yaliyopandwa humo na mavuno yake kwa kadiri mwenye shamba anavyokumbuka.

Barua tutaiandika kwa Kiswahili, nakala kwa halmashauri na chama kikuu, na itauliza hivi: ni baada ya muda gani wa kupulizia salfa udongo wa kichanga wa nyanda za Makonde hupoteza uwezo wa kuzaa karanga na njugu mawe, chokaa kiasi gani kwa ekari ingetosha kuurudisha, na kwa bei ya sasa ya korosho nani anaweza kuimudu, na kama dawa za maji ni bora, maji yatatoka wapi katika vijiji ambavyo wanawake bado wanayafuata mbali. Swali la nne limeongezwa na mama mmoja ambaye wanawe wawili hufanya kibarua cha kupulizia mashamba ya watu kila msimu bila kitu cha kuziba pua: anataka kujua unga huo unafanya nini kifuani. Ameomba swali lake liwe la kwanza, na wanachama wamekubali.